Bei ya hei na hali ya malisho Lindi na Mtwara: tusitaje robota bila kilo

mfugaji_mtama (Lindi)

Wakuu, habari za masika.

Mtama umetoa vichwa, nyasi za bonde la Lukuledi zinamfika mtu kiunoni, na ng'ombe wamenona. Wakati kama huu hakuna anayetaka kusikia habari za hei, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa. Lakini mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, zikijikokota sana zinaingia Mei. Baada ya hapo ni upepo mkavu wa kusi mpaka Novemba nyingine. Wenzetu wa Tanga na Dar wana vuli ya kuwavusha, sisi hatuna. Malisho ya miezi sita lazima yapatikane ndani ya wiki hizi chache zilizo mbele yetu, ndiyo maana nafungua uzi huu sasa, nisingoje Septemba ambapo kila mtu anaandika "natafuta hei, robota bei gani?"

Swali hilo halijibiki lilivyo. Robota, lile furushi la majani lililofungwa kamba, si kipimo. Wengi wetu huku hatuna mashine ya kufunga ya trekta, tunatumia sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala kitako. Vipimo vinavyofundishwa sana ni urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Ukiyakanyaga majani humo mpaka yashibe unapata robota la kilo 20 hivi. Ukiyajaza kwa mkono tu, robota linatoka na umbo lile lile lakini lina kilo 12 au 13. Tuchukue namba za mfano, sisemi ndiyo bei ya soko: robota la kilo 20 kwa shilingi 4,000 ni shilingi 200 kwa kilo. Robota la kilo 12 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 250 kwa kilo. Aliyeona amepata nafuu ndiye aliyelipa zaidi, na hatajua mpaka stoo iishe kabla ya mvua.

Jambo la pili ni tarehe ya kukata. Nyasi kama Rhodes zikikatwa zinapoanza kuchanua huwa na protini asilimia 8 hadi 10. Zikiachwa mpaka mbegu zipukutike na mashina yawe manjano, protini inashuka hadi 4 au 5. Chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia ng'ombe kumeng'enya nyasi vinakosa chakula chao wenyewe. Tumbo linajaa, mnyama anakonda. Sehemu kubwa ya hei inayouzwa kwetu Agosti ni nyasi zilizokaukia zikiwa zimesimama, zikafungwa kamba. Kwa macho ni hei. Kwa ng'ombe ni kitu cha kutafuna tu.

Shida yetu ya kusini ni kwamba nyasi huchanua Machi na Aprili, wakati mvua bado ipo na huwezi kukausha. Ikikatika Mei, nyingi zimeshapita umri. Njia ninayoifuata ni kukitumia kile kiangazi kifupi cha mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Kipande ninachotaka kukivuna nakifyeka wakati huo, majani yale nawalisha mabichi, na machipukizi yanakuja kuchanua mvua inapoaga. Kipande nisichokifyeka nawaachia wanyama walishe.

Sasa hesabu ya mahitaji. Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 250 anahitaji chakula kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku. Ukiongeza unyevu mdogo unaobaki ndani ya hei, ni kilo 7 hivi kwa siku. Miezi sita ni kilo 1,260, yaani marobota 63 ya kilo 20, kama hapati kitu kingine. Najua wengi watapata mabua na vichaka vya kuparura, kwa hiyo hatuhitaji yote hayo. Lakini mwenye ng'ombe 10 na marobota 30 stoo asijidanganye kwamba amejiandaa.

Naomba basi tutoe taarifa kwa namna moja: uko wapi, ni majani gani, yalikatwa lini, kilo ngapi kwa robota, na bei ni ya shambani au imefikishwa. Na hali ya mazao ya kwenu pia, kwa sababu masalia ya mazao ndiyo malisho yetu makubwa kuliko hei.

karanga_nanyumbu (Mtwara)

Ahsante kwa uzi, mkuu. Nanyumbu karanga zinaendelea vizuri kwa waliopanda mapema. Waliochelewa, ugonjwa wa madoa ya majani umeshaanza kuwapukutishia. Nalisema hili kwa sababu watu hutazama karanga tu, wakati kwa mfugaji majani ndiyo mali. Shamba lenye madoa linaweza kukupa karanga za kuridhisha huku mashina yakibaki vijiti vitupu.

Kwetu majani ya karanga yanabaki shambani, watu wanayarundika na kuyachoma. Mwaka huu nataka kuyauza. Sijui niyapange bei vipi, kwa gunia au kwa robota? Na je, naweza kuomba zaidi ya bei ya hei ya nyasi?

mfugaji_mtama

Omba zaidi, ndugu yangu, tena kwa haki kabisa. Majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri yana protini asilimia 8 hadi 15, kutegemea majani mangapi yamebaki kwenye shina. Ila mnunuzi anayejua ataangalia hicho hicho. Ukiyaanika juani siku nyingi halafu ukayapakia saa nane mchana, majani yote yanabaki chini na wewe unauza fito. Yageuze na kuyafunga asubuhi, kaumande kakiwa hakajaisha kabisa, yakiwa malaini, kisha yamalizie kukauka kivulini penye upepo.

Gunia likatae. Kila mtu ana namna yake ya kushindilia gunia. Kilo.

mama_maziwa_mtwara (Mtwara mjini)

Wanangu hamjambo. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa hapa mjini, sina eneo, kila kitu nanunua. Bei yangu ni bei ya yule anayefika na gari.

Mwaka jana nililetewa marobota mazuri kwa nje, ya kijani kabisa. Nilipoyafungua katikati yalikuwa ya moto na meupe kwa ukungu. Aliyeniuzia akasema ng'ombe hajali. Ng'ombe alijali: alikataa, maziwa yakapungua, na wateja wangu wa asubuhi wakaenda kwingine. Naomba wenye ujuzi waniambie namna ya kukagua kabla sijalipa, maana gari likishashusha na kuondoka sina wa kumdai.

La pili, msimu wa korosho mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaoza mashambani kila mahali, na maganda ya mhogo napata bure kwa wakaanga mihogo. Je, vyote hivi ni salama?

mtaalamu_mstaafu (Masasi)

Nilifanya kazi ya uafisa mifugo katika wilaya hizi mpaka nilipostaafu, niruhusuni nijibu kwa kirefu kidogo.

Mama, hei ya kuhifadhi isizidi unyevu wa asilimia 15 hivi. Ikivuka 20 inachemka yenyewe ndani kwa ndani na kuota ukungu. Huna haja ya chombo. Chukua fungu mkononi, lisokote kama unayekamua nguo. Likikatikakatika limekauka, likisokoteka bila kukatika bado lina maji. Kisha chukua shina moja, likwangue kwa ukucha kwenye pingili. Ngozi ikibanduka, bado bichi. Na usikague robota la juu la gari. Chagua mwenyewe la katikati ya mzigo, kata kamba, ingiza mkono hadi kwenye kiini. Ukisikia joto au harufu ya uvundo, gari lirudi na mzigo wake. Muuzaji anayekataa robota moja lifunguliwe ameshakujibu.

Ukungu si suala la ng'ombe kukataa tu. Kwa majani ya karanga hasa, hakikisha hayana mapunje yaliyooza yaliyobaki kwenye mizizi, maana sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, hukaa humo na sehemu ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa. Ukiwauzia watu maziwa, hilo linakuhusu moja kwa moja.

Mabibo yana sukari nyingi na protini kidogo. Mabichi yaliyokaa siku moja huanza kuchachuka, na ng'ombe akijaza tumbo kwa hayo anapata asidi tumboni, anaweza kulala asiinuke. Yakate, yakamue ukitaka, yaanike mpaka yawe makavu kabisa, uyachanganye kidogo kidogo na pumba na mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Hivyo ni chakula kizuri cha nguvu. Maganda ya mhogo nayo yaanikwe juani siku mbili tatu yakiwa yamekatwa vipande vidogo, hasa ya mihogo michungu, ili sianidi ipungue. Yaliyoota weusi tupa.

Sasa nisikilizeni kwa hili ambalo sioni likizungumzwa. Mikoa yetu ni ya korosho. Watu wengi wanafyeka nyasi chini ya mikorosho na kuzifunga kuwa hei, jambo zuri sana kwa sababu shamba linasafishwa na malisho yanapatikana. Lakini kuanzia Juni hivi wakulima wanaanza kupulizia salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na salfa ile haiishii kwenye majani ya mkorosho, inashuka. Ng'ombe na mbuzi wakila salfa nyingi kupita kiasi huathirika ubongo: wanapofuka, wanasukuma vichwa ukutani, wanaanguka. Hata ikiwa chini ya kiwango hicho, inawazuia kutumia madini ya shaba yaliyomo kwenye chakula. Kwa hiyo nyasi za chini ya mikorosho zikatwe Mei, kabla ya mzunguko wa kwanza wa salfa. Mfugaji anayenunua aulize: hei hii imetoka chini ya mikorosho? Ilikatwa kabla au baada ya salfa? Tarehe ya kukata anayoidai mwenye uzi siyo ya protini peke yake.

mama_maziwa_mtwara

Mungu akubariki, kaka yangu. La salfa nilikuwa sijawahi kulisikia.

dereva_wa_kusini

Wakuu, mnaongelea bei ya shambani, mimi niwaambie ya barabarani, maana ndiyo inayomuumiza mama.

Hei haina uzito, ina ukubwa. Robota la sanduku hilo mlilolitaja ni kama mita za ujazo 0.21. Lori la Fuso la tani 10 yenye bodi ya mita za ujazo 35, ukipanga mpaka juu na kufunga kamba, inaingiza marobota 165 hivi. Hizo ni tani 3.3. Gari limejaa, lakini limebeba theluthi moja tu ya uwezo wake. Tuseme nauli ni 600,000, namba ya mfano kama alivyofanya mwenye uzi. Kwa hei ni shilingi 182 kwa kila kilo. Gari lile lile, nauli ile ile, likibeba tani 10 za mashudu ni shilingi 60 kwa kilo.

Kwa hiyo ukiniuliza hei ya Kibaha itafika Mtwara kwa bei gani, nitakwambia unanunua barabara. Mama aletewe mashudu kutoka mbali, hei aitafute ndani ya wilaya. Ukitaka nafuu ya nauli tafuta gari linalorudi tupu. Malori ya makaa ya mawe yanatoka Mbinga kuja bandari ya Mtwara kisha yanarudi kupitia Masasi na Tunduru, hayo yanamfaa anayepeleka mzigo upande huo. Lakini bodi yake lazima ioshwe, lile vumbi jeusi si la kulishwa mnyama.

mfugaji_mtama

Hii hesabu ya mjomba dereva ningeomba kila mtu aisome mara mbili. Ndiyo sababu hakuna kitu kinachoitwa bei ya hei ya mkoa wa Lindi. Kuna bei ya Nachingwea kwa mtu wa Nachingwea, na bei ya Kilwa kwa mtu wa Kilwa. Anayesema "kusini robota ni elfu kadhaa" anawapotosha watu wa pande zote mbili.

Na ukipima kwa protini badala ya kilo, picha inabadilika zaidi. Mashudu ya ufuta yana protini karibu asilimia 40. Lindi ni mkoa wa ufuta, na ufuta mwingi unaondoka ukiwa mbegu. Palipo na kinu cha kukamua mafuta karibu yenu, mfahamuni mwenye kinu kabla ya wafugaji wa Dar hawajamfahamu. Mabua ya ufuta yenyewe sahauni, ni kuni.

njinjo_kilwa (Lindi)

Nawasalimu nyote. Mimi ni mfugaji wa Kilwa, wazazi wangu walifika huku kati ya wale waliohamishwa kutoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007. Tulikuja na ng'ombe wengi kwenye ardhi yenye mbung'o na isiyozoea ng'ombe. Nasema hivi ili wenzangu wakulima wajue tunatoka wapi tunapoongea habari za malisho.

Hali ya sasa: bonde la Matandu lina majani mengi, maji yapo. Mahindi ya mabondeni yaliwahi kuzama sehemu kadhaa lakini yaliyopona ni mazuri. Hofu yangu ni Mei. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mwanzoni mwa Mei, wakati tunaotaka kukausha tulikuwa tumeshaanza kukata. Yaliyokatwa yakaoza chini, na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, kwa hiyo hata mashudu hayakupita. Ushauri wangu: usikate kipande chote siku moja. Kata unachoweza kukianua ndani ya siku mbili tatu, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), kisha endelea.

Hei mimi nafunga kidogo tu kwa ajili ya ndama na ng'ombe waliozaa. Kundi zima huwezi kulilisha marobota. Kundi linategemea mabua. Na hapa ndipo penye mgogoro. Julai na Agosti kila kitu kimekauka isipokuwa mbaazi, maana mizizi yake inakwenda chini sana na inabaki kijani. Ng'ombe mwenye njaa anaiona mbaazi kutoka mbali. Mkulima amehangaika na mbaazi yake msimu mzima, asubuhi anakuta imeliwa. Namwelewa. Ningekuwa mimi ningekasirika vile vile.

Kinachotusaidia kijijini kwetu ni kununua mabua kwa makubaliano, shamba kwa shamba, kabla ya kuvuna. Tunaandikishana kwa mtendaji: shamba la fulani, ekari ngapi, ng'ombe wataingia tarehe fulani baada ya mazao yote kutoka, watakaa siku ngapi, malipo kiasi gani. Wengine hawataki pesa, wanataka zizi lihamishiwe shambani kwao ng'ombe walale hapo wiki kadhaa wapate samadi. Shamba lenye mbaazi iliyochanganywa na mahindi halinunuliwi kabisa mpaka mbaazi ivunwe. Pale tulipofuata hivi, ugomvi ulipungua. Pale mtu aliposwaga usiku bila makubaliano, tuliishia polisi.

karanga_nanyumbu

Ndugu wa Njinjo, nimefurahi kulisikia hili kutoka kwa mfugaji. Kwetu huku tunaambiwa tu kwamba wafugaji hawaongeleki. Swali moja: mnalipana kwa ekari, lakini mabua ya ekari moja si sawa na ya nyingine. Mnapimaje?

njinjo_kilwa

Kaka, hatupimi, tunatembea shambani wote wawili na kukadiria. Tunaangalia mambo mawili: mahindi yalizaa vipi, na majani bado yako kwenye bua au upepo umeshayapeperusha. Kusi likivuma wiki tatu juu ya mabua yaliyokauka, zinabaki fito. Kwa hiyo anayeniita mwanzoni mwa Juni namlipa vizuri kuliko anayeniita Agosti. Mtama tunauogopa kidogo pia. Ukishavunwa, ule unaochipua upya ukiwa mfupi una sumu, ng'ombe anaweza kufa akiwa hajatoka shambani. Tunangoja ukauke kabisa au urefuke.

mtaalamu_mstaafu

Ni kweli, machipukizi ya mtama chini ya nusu mita yana sianidi. Ndugu wa Njinjo anasema sawasawa.

Niongeze kuhusu ardhi. Mikataba ya mabua inafaa mwaka kwa mwaka, lakini kijiji kisicho na eneo la malisho lililotengwa kitarudi kwenye ugomvi kila Julai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa wanakijiji mamlaka ya kupanga ardhi yao, na ipo Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Pelekeni hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi uandikwe na ramani yake ibandikwe. Vijiji vyenye ramani ndivyo vyenye cha kuonyesha shauri likifika wilayani.

newala_juu (Mtwara)

Huku juu Makonde ng'ombe ni wachache, maji ya shida, wengi tunafuga mbuzi. Mbuzi wetu wanakula maganda ya mbaazi na majani yake yaliyobaki baada ya kupura. Hayo tunayaweka kwenye viroba kuanzia Agosti. Mbaazi ipo vizuri mwaka huu, bado haijachanua.

kitere_mpunga (Mtwara)

Mimi niko Kitere kwenye skimu ya mpunga. Baada ya kuvuna tunabaki na milima ya majani ya mpunga. Wanunuzi wanakuja wachache, wanasema hayana lishe. Kweli hayana? Na hiyo habari ya kuyawekea urea ni ya kweli au ni maneno?

mtaalamu_mstaafu

Hayana protini ya kutosha, asilimia 4 hivi, lakini yapo kwa wingi na mmeyakusanya tayari mahali pamoja, na hilo lina thamani. Urea ni kweli kabisa, ila fuateni vipimo.

Kwa kilo 100 za majani makavu, yeyusha kilo 4 za urea, ile ile ya mbolea, kwenye lita 80 hivi za maji safi. Iyeyuke yote, isibaki punje hata moja. Tandaza turubai, weka tabaka la majani, nyunyizia sawasawa, kanyaga, weka tabaka jingine. Ukimaliza funika na ziba hewa kabisa pande zote. Acha wiki tatu. Ukifungua harufu kali ya amonia itakupiga usoni, na majani yatakuwa laini ya rangi ya kahawia. Toa ya siku moja, yaache yapigwe upepo mpaka harufu kali iishe, ndipo umpe ng'ombe, uanze kidogo kidogo.

Onyo: ndama walio chini ya miezi sita wasipewe. Maji ya urea yaliyobaki kwenye ndoo yamwagwe mbali, ng'ombe akiyanywa anakufa kwa muda mfupi. Na usichanganye kwa kukadiria kwa kiganja.

kitere_mpunga

Ahsante mzee wangu. Kwa hiyo muuzaji ndiye ayaweke urea au mnunuzi?

mfugaji_mtama

Mnunuzi, mkuu. Yakishanyunyiziwa yamekuwa mazito kwa maji, na ukiyabeba utavunja ile hewa uliyoiziba. Wewe uza makavu, safi, yasiyo na tope. Urea afanye mwenyewe nyumbani kwake.

mnunuzi_masasi

Wazo langu: korosho, ufuta na mbaazi vinakwenda kwa stakabadhi ghalani na mnada, mkulima anaweka mzigo ghalani kwa risiti kisha unauzwa mnadani. Kwa nini hei isiingizwe humo? Tuweke marobota ghalani, mnada ufanyike, bei iwe wazi kwa wote.

mfugaji_mtama

Ndugu, nimelitafakari na silikubali. Mfumo ule unafaa zao lenye thamani kubwa kwa kilo, linalokaa ghalani na kusafirishwa mbali. Hesabu ya dereva hapo juu imeshatuonyesha hei haivumilii kusafiri. Ukiileta ghala kuu la wilaya halafu mnunuzi aibebe kuirudisha kijijini, umelipa ukubwa wake mara mbili. Na ghala la korosho likijazwa hei ni hatari ya moto juu ya mali ya watu.

Lakini ndani ya mfumo ule kuna kitu tunachokihitaji sana, nacho ni mizani. AMCOS zetu, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zina mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Msimu wa korosho ni Oktoba hadi mwanzo wa mwaka, ufuta unaanza kupimwa kama Juni. Mei mizani ile imekaa tu. Tuwaombe viongozi wa AMCOS waturuhusu kupima marobota kwa ada ndogo inayoingia kwenye chama. Si lazima upime yote. Pima 10 uliyoyachukua bila kuchagua, tafuta wastani, andika kwenye karatasi pamoja na tarehe ya kukata. Karatasi hiyo ifuatane na mzigo. Mama wa Mtwara mjini akiletewa gari lenye karatasi na jingine lisilo na karatasi, bei ziwe tofauti.

mnunuzi_masasi

Hapo umenishawishi. Nitazungumza na katibu wa chama chetu.

karanga_nanyumbu

Kuhifadhi je? Mchwa wa huku hawaachi kitu.

njinjo_kilwa

Kichanja, kaka. Nguzo ziinuke mpaka magotini, zipakwe oili chafu chini, paa la makuti lenye mwinuko, kuta wazi ili upepo upite. Robota la chini lisiguse udongo. Nalo banda lenyewe liwe mbali na nyumba na jiko.

Na moto, wakuu. Sijasikia mtu akiutaja. Julai mpaka Oktoba mapori ya Lindi yanaungua. Wengine wanasafisha mashamba, wengine wanasaka panya, wengine wanachoma bila sababu. Pori likiungua mwezi wa saba, malisho ya mwezi wa nane na wa tisa yameondoka, na ndipo ng'ombe wanapogeukia mbaazi. Bei ya hei ya Oktoba naiona inategemea moto kuliko inavyotegemea mvua. Sisi tunafyeka ukanda mpana kuzunguka eneo la malisho mwezi wa sita, nyasi zikiwa hazijakauka sana, na majani ya ukanda huo ndiyo hei yetu ya kwanza. Kazi moja, faida mbili. Kijiji kikiweka sheria ndogo na kuisimamia inasaidia, lakini ukanda uliofyekwa haumsubiri mtu atii.

mama_maziwa_mtwara

Nimeandika yote kwenye daftari. Sasa nitoe mahitaji yangu hadharani. Natafuta hei ya nyasi iliyokatwa Mei, isiyotoka chini ya mikorosho iliyopuliziwa, na majani ya karanga yenye majani kweli. Nitalipa kwa kilo. Nitafungua robota la katikati kabla ya kulipa. Kwa mwenye karatasi ya mizani nitaongeza. Kwa anayeleta kutoka ndani ya Mtwara au Lindi vijijini nachukua mzigo wa gari zima nikishirikiana na wafugaji wenzangu wa mjini.

kitere_mpunga

Mama, mimi ni jirani. Majani ya mpunga yatakuwa tayari mara baada ya kupura. Nitapima kwenye mizani ya skimu na kukuletea mfano wa robota moja kwanza ulikague.

dereva_wa_kusini

Mkipatana siku moja, Kitere na Nanyumbu, mzigo uwe mmoja. Karanga chini, mpunga juu, na turubai juu ya vyote maana Mei bado ina manyunyu. Nitumieni ujumbe wa ndani wiki moja kabla.

mfugaji_mtama

Vizuri. Uzi ubaki wazi. Kuanzia wiki ya kwanza ya Mei kila aliyekata aweke hapa: mahali, aina, tarehe, wastani wa kilo, bei ya shambani. Nitaziweka kwenye jedwali moja juu ya uzi, wilaya kwa wilaya, na taarifa isiyo na kilo sitaiingiza. Ndugu wa Liwale na Ruangwa hamjasema neno, tunawasubiri: mabua yenu mwaka huu yakoje?